Siku Jumba la Mangi Lilipokosa Mwenyewe

Moshono,
Arusha.
Jumapili, 18 Agosti 1996

Kaka yangu mpendwa Abdiel,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabla kalamu haijanikimbia, maana safari hii nina mengi. Hujambo huko Bergen? Magoti yanaendeleaje? Kwenye kadi yako ya Pasaka ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi, nikacheka peke yangu jikoni. Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Meru leo anaogopa ngazi! Wifi Marit hajambo? Na watoto, wanakula vizuri? Waambie shangazi yao anawauliza, hata kama hawajui shangazi ni mnyama gani.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Hans amefungua duka la vipuri vya magari kule Sokon One. Tangu biashara ziruhusiwe, shemeji yako huyu hana tena Jumapili wala sikukuu, anazungumza habari za bolti na beringi hata mezani. Mimi bado nafundisha darasa la nne, na jioni nauza maziwa ya mgando hapa mlangoni, kwa sababu walimu wote siku hizi wana kitu wanachouza. Mwaka huu baridi ya mwezi wa saba ilitushika vibaya. Mlima ulijifunika wiki nzima kama mtu aliyegombana na majirani.

Mji wetu usingeutambua. Wageni wa mahakama ya Rwanda wamejaa, magari ya watalii yanapita kila asubuhi, na hapa Moshono migomba inakatwa kila siku, kuta za matofali zinapanda. Mitumba imejaa kila kona. Juzi nimemwona mzee mmoja amevaa koti la kike lenye vifungo vya dhahabu, anatembea kwa heshima zake zote, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa kaka, nina habari kubwa, lakini nitaifikia kwa mwendo wangu. Nakujua. Nikiiweka mwanzo utaisoma hiyo tu, barua iliyobaki utaikunja. Kwa hiyo kaa chini, vua viatu, mwombe wifi akupe chai.

Nyumba ya baba imekuwa makumbusho.

Ndiyo, jumba lile lile la Nkoamringa. Limepakwa chokaa, limewekwa vioo vipya, na getini kuna kibao kimeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kwamba hapa paliishi Mangi, chifu wa kilima. Wazo lilikuwa la binamu yetu Ephraimu. Alikuwa akifanya kazi na kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani, akaona wazungu wakishuka kutoka mbugani hawana la kufanya siku ya mwisho ila kununua vinyago. Akaunda kamati ya kijiji, akatafuta wafadhili, akanifuata mimi. Aliniambia, "Dada Nice, wewe umezaliwa mle ndani, na mdomo unao. Njoo uwaeleze wageni." Sikujua kama ananisifu au ananitukana, lakini nilikubali. Kila Jumamosi, tangu hata kabla halijafunguliwa rasmi, napanda huko, navaa kitenge changu kizuri, nawaonyesha watu mahali nilipokuwa nachapwa.

Nawaambia jinsi babu alivyolijenga. Kila ukoo ulileta mawe yake kutoka mtoni. Koo za juu zilichota kijito kimoja na za chini kijito kingine, ndiyo maana ukuta wa mashariki ni mweusi na wa magharibi ni wa kijivu. Wewe ndiye uliyenionyesha hilo nilipokuwa mdogo, ukanidanganya kwamba upande mweusi uliungua kwa radi. Niliamini mpaka nikaolewa. Nawaambia pia habari za fundi kutoka Kilimanjaro aliyekuja kwa kazi ya miezi michache, akaoa huku huku, akazikwa huku huku. Na bati, la kwanza kwenye kilima kile. Mvua ya kwanza ilipolipiga, nyanya alitoka mbio na sufuria mkononi akidhani wamevamiwa.

Halafu nawapeleka barazani. Hapo ndipo baba aliposikiliza kesi za mipaka na ng'ombe, nao walalamikaji wakikaa kwenye lile benchi refu tangu asubuhi, kila upande ukijifanya hauuoni mwingine. Unakumbuka tulivyokuwa tukijificha nyuma ya mlango kusikiliza? Unakumbuka sakafu ya ukumbini, ile nyekundu, Mama Agnela alivyoisugua kwa nta mpaka inang'aa, nasi tukikaa juu ya gunia unanivuta kwa kamba kutoka mlango hadi mlango? Juzi nilisimama pale nikingoja wageni, harufu ya nta ikanijia puani, nikaona machozi yananitoka. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi. Mtalii mmoja mama mzee alinipa leso.

Nawaeleza pia yaliyofuata, maana sipendi historia inayoishia kwenye utamu. Umangi ulipofutwa baba alihamia vyumba viwili vya nyuma, na mbele pakawa ofisi, kisha ghala la kahawa, kisha darasa la kisomo cha watu wazima. Mama Agnela mwenyewe alijifunza kusoma ndani ya chumba alichokuwa akilala kama mke wa Mangi. Baadaye popo wakachukua, na ndio waliokaa muda mrefu kuliko wote. Miaka yote hiyo Mama alibaki kwenye kile chumba cha jikoni uani, na kila asubuhi alifagia baraza la nyumba isiyo na mtu.

Wageni wanauliza maswali ya ajabu. Wanataka kujua wake wa Mangi walilala wapi. Nikiwaambia alioa mama yetu Skolastika, akafiwa, ndipo akamwoa Mama Agnela aliyetulea, basi, wanaonekana wamesikitika kabisa, kama watu walioagiza nyama wakaletewa mchicha. Ephraimu aliniita pembeni akaniomba niongeze wake. "Hata watano tu, dada. Nani atahesabu?" Nilimwambia aongeze kwanza wa kwake, tuone mkewe atasemaje.

Na vyombo, kaka! Kamati ilipiga mbiu kwamba kila mwenye kitu cha jumba akirudishe, hataulizwa alikipataje. Ungecheka. Saa ya ukutani ilitoka chumba cha kwaya. Viti vilitoka kwenye nyumba nne, na kila nyumba iliapa kwamba ilikuwa ikivitunza tu. Lile beseni la kuogea, la chuma, lenye miguu ya simba, lilitoka zizini kwa Mzee Kaanaeli. Ng'ombe wake walikuwa wakinywea humo tangu enzi za ujamaa, na alipowawekea ndoo wakaigomea siku mbili. Walishazoea kunywa kimangi.

Kilichokosekana ni kimoja. Unakijua.

Chumbani kwa baba, ukutani mkabala na kitanda, ile kulabu ya chuma bado ipo. Joho halipo. Lile joho la ngozi za pimbi wa msituni, laini, la rangi ya majivu, alilorithi kwa babu na babu kwa baba yake. Nakumbuka nilivyokuwa naingiza uso ndani yake akiwa amelivaa. Baada ya wewe kuondoka mwaka sitini na nne, joho nalo halikuonekana tena, na wazee wakasema bila kumung'unya maneno kwamba Abdiel ameuiba umangi akakimbilia nao Ulaya.

Sikuandikii haya ili nikuchome, kaka. Tumekaa miaka yote hii tukiandikiana habari za mvua na watoto, na hili tukilizunguka kama shimo njiani. Najua kwa nini hukuja kumzika baba mwaka sitini na tisa. Wazee, Mzee Kaanaeli mbele yao, walikuletea neno kwamba usikanyage Nkoamringa ila umelibeba joho mkononi. Wewe joho hukulichukua, ukajibu mara moja tu kwamba hukulichukua, hawakukuamini, ukanyamaza. Na uliponyamaza hukurudi tena. Mimi nilikuamini. Lakini nilikuwa msichana wa shule, nani angenisikiliza?

Mama Agnela kila alipoulizwa habari za joho alijibu neno moja: "Muulizeni mwenye nyumba." Na mwenye nyumba alikuwa kaburini. Watu walidhani anawakejeli, wengine wakasema huzuni imemgusa akili. Mimi mwenyewe niliwahi kumkasirikia, nikamwuliza kwa nini hasemi hata neno moja la kukutetea. Aliniangalia tu, akaendelea kuchambua maharage.

Sasa siku ya kufungua makumbusho, Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe kumi. Palikuwa na turubai, kwaya, mgeni rasmi na tai yake, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwenye masufuria makubwa, na wazungu wawili watatu wakipiga picha kila kitu mpaka mbwa. Asubuhi hiyo naingia chumbani kwa baba nakuta kwenye kulabu wametundika ngao ya Kimaasai, na shuka jekundu pembeni. Ephraimu alisema ukuta mtupu unaharibu picha, na watalii wakisikia Arusha wanategemea kuona Umaasai. Nilikuwa nimemwalika mwalimu mwenzangu Nashipae, Mmaasai wa Monduli. Aliitazama ile ngao, akazunguka, akaitazama tena, akaniuliza kwa upole, "Nice, hivi Mangi wenu alituibia lini?" Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha niliishusha mwenyewe, nikaiweka chini ya kitanda. Ephraimu alinuna mpaka saa ya chakula.

Ikafika saa ya kukabidhi. Mzee Kaanaeli ndiye mkubwa kuliko wazee wote waliobaki, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kulitoa jumba kwa watu. Alisimama barazani na fimbo yake, mchungaji akaomba, kisha mzee akanyunyiza pombe ya mbege kidogo kizingitini, mchungaji akatazama milimani ili asione. Akasema kwa sauti, "Kuanzia leo nyumba hii haina mwenyewe. Si ya Mangi, si ya mtoto wa Mangi. Ni ya watu wote."

Angeishia hapo tungekula loshoro yetu. Lakini aliendelea. Alisema mtapita chumbani mtaona ukuta mtupu, na watoto wenu wakiwauliza, waambieni kulikuwa na kijana mmoja aliyesomeshwa na kilima hiki akakiibia kilima hiki. Hans alinishika mkono, maana alishaniona navua miwani.

Lakini siye mimi niliyesimama. Ni Mama Agnela. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama wa kanisa, akainuka taratibu, akasogea mpaka chini ya baraza. Unajua alivyo mfupi. Mgeni rasmi alidhani amekuja kutoa zawadi, akaanza kunyoosha mikono.

Mama akasema, "Kaanaeli, rudia. Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya watu wote, Mama."

"Siyo ya mume wangu tena?"

"Siyo tena."

"Umesema mbele ya watu?"

"Nimesema."

"Basi na mimi nimefunguliwa."

Akageuka akatutazama sote. Alisema mjane anayebaki nyumbani kwa mumewe anabaki na maneno ya mumewe pia, na hawezi kuyatoa nje maadamu nyumba ni ya yule aliyeyasema. Hata mimi, kaka, mtoto wa nyumba ile, sikujua kwamba alikuwa akiishika desturi hiyo. Nilidhani imekufa na nyanya. Akasema baba alimwapisha asimwambie mtu, naye hakumwambia mtu, mpaka leo ambapo mzee mwenyewe amelitoa jumba mikononi mwa mume wake.

Kisha akalisema.

Abdiel, lile koti. Lile koti kubwa la kijivu ulilovaa siku unaondoka, ambalo baba alilinunua kwa askari mmoja mstaafu. Mama Agnela ndiye aliyelirekebisha, unakumbuka alivyojifungia nalo siku kadhaa? Joho liko humo. Alilifumua ngozi kwa ngozi, akazipanga ndani ya koti toka mabegani hadi magotini, akaifunika kazi yote kwa bitana ya kitambaa cha marekani. Umelivaa joho la Mangi barabarani huko Bergen bila kujua.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Papo hapo nikakumbuka barua yako ya kwanza kabisa kutoka huko. Ulilalamika kwamba koti la baba ni zito kama mzigo wa ndizi, na likilowa mvua linanuka mbuzi, mpaka wenzako bwenini wamekuomba ulitundike nje. Tulicheka sana hiyo barua, mimi na baba. Sasa najua kwa nini baba alicheka kuliko mimi.

Mtu mmoja aliuliza kwa nini Mangi amfanyie mtoto wake siri ya namna hiyo. Mama alijibu kwamba baba alijua ukiambiwa utalikataa. Na ni kweli, kaka, usinibishie. Wakati ule ulikuwa umejaa siasa mpya, ulikuwa unaona haya hata kuitwa mtoto wa Mangi. Ungelitundika pale pale ukaondoka na sweta. Tena baba aliona koo zinaanza kulitazama joho kwa jicho la kugombania. Alimwambia Mama hivi, na Mama alitamka polepole ili asikosee: "Umangi umekwisha, lakini baridi haijakwisha. Hizi ngozi zilishonwa kumpa mtu joto. Mwache mtoto akalale ndani yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni rasmi alitazama ratiba yake, akakuta hakuna mahali palipoandikwa jambo hilo. Mzee Kaanaeli alikalia ngazi za baraza, fimbo ikamponyoka, ikabingirika mpaka kwenye miguu ya kwaya, na hakuna aliyeiokota. Mama Agnela alirudi mkekani kwake, akaomba maji ya kunywa. Wazungu wakamwuliza Ephraimu bibi amesema nini, na Ephraimu, mtu wa maneno mengi vile, alishindwa kutafsiri. Alikuwa analia.

Sasa nikuulize kama mtu na kaka yake. Koti bado unalo? Usije ukaniambia wifi alilitoa kwa masikini, kwa sababu masikini wenyewe ni sisi. Yawezekana limesharudi Arusha kwenye robota la mitumba! Hans sasa akipita mnadani anabonyeza mabega ya kila koti la kijivu, wauzaji wanamwona mwendawazimu. Lakini nasema kwa moyo wote: likiwepo, vizuri. Lisipokuwepo, hakuna atakayekuuliza. Ephraimu na kamati yake wanaota kulitundika kwenye kulabu na kuliwekea taa. Waache waote. Hilo ni lako kuamua.

Jambo lenyewe ninalokuandikia ni hili. Jumatano jioni nilikuwa napima maziwa mlangoni nikaona gari la kukodi linasimama, anashuka Mzee Kaanaeli na mjukuu wake. Mzee huyu hajashuka mjini tangu uchaguzi. Alikataa kiti, akakataa chai. Mkononi alishika jani la isale, bichi, amelifunga fundo mwenyewe. Huna haja ya kukumbushwa maana yake, lakini nakuandikia ili uweze kumweleza wifi: kwetu mtu aliyekosa akikuletea isale lenye fundo, amejishusha mpaka chini kabisa, na anayeletewa hawezi kulikataa. Nimeona watu waliouliana ng'ombe wakila pamoja kwa sababu ya jani hilo. Lakini mzee wa umri ule kumpelekea isale mtoto mdogo kwake kwa miaka thelathini, hilo sijaliona wala kulisikia.

Alisema, "Nilimnyima mtoto kumzika baba yake. Hilo siwezi kulirudisha. Mwambie Kaanaeli anaomba." Akaniwekea jani mkononi. Anakohoa sana siku hizi, na alipokuwa anarudi garini ilibidi mjukuu na Hans wamwinue. Nilimwonea huruma, kaka, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa nimeapa sitamwonea.

Jani limo ndani ya bahasha hii. Litakuwa limekauka likifika, fundo usilifungue. Unajua desturi inavyodai: aliyepokea isale humjibu aliyelitoa ana kwa ana, si kwa barua, wala si kwa simu ya posta. Magoti yako yatavumilia ndege. Ngazi za barazani ni chache, na tutakubeba ikibidi, vijana wapo.

Hans anakusalimu, anauliza kama huko kuna beringi za Land Rover kwa bei ya kuridhisha. Usimjibu. Ephraimu anakusalimu na anaomba radhi kwa niaba ya kamati, hata kwa makosa ambayo kamati haijayafanya bado. Nashipae anawasalimu japo hamjuani. Amesema ukija atakuletea ngao yako. Wanangu wote wanakuamkia. Mpe wifi Marit salamu zangu, mwambie namshukuru kwa kukutunza, na kwamba kitanda kipo. Wabusu watoto.

Mama Agnela anakusalimu kuliko wote. Nilimsomea barua hii tangu juu, akatikisa kichwa, akasema nimeandika mengi ya upuuzi na nimeacha la kwake. La kwake ni hili. Siku ya kumzika baba, watoto waliitwa mmoja mmoja kutupa udongo. Lilipoitwa jina lako, kilima kizima kilinyamaza. Mama alisogea akatupa konzi ya pili kwa niaba yako, na wazee walimfokea. Anasema kwa baba alikubali kufanya hivyo. Udongo wa kaburi lake yeye anataka uutupe kwa mkono wako, na anakuomba usichelewe, kwa sababu yuko tayari na amechoka kukungoja akiwa amesimama.

Mungu wa baba zetu akulaze salama na akuamshe ukiwa umeielekeza miguu nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukininunia,

Nice